Tanzia za Kale za Koo za Upare

Katika nyumba nyingi za milima ya Upare, tangu Ugweno hata Kihurio, limo sanduku la bati au la mbao ambamo karatasi za wafu huwekwa. Humo mna cheti cha ubatizo, stakabadhi ya kodi ya siku nyingi, barua za kijana aliyekwenda mashamba ya mkonge asirudi, na mara nyingi mna karatasi moja au mbili zilizokunjwa mara nne, zimeandikwa kwa mwandiko ule ulionyoka wa shule za misheni, na juu yake maneno "Habari za Marehemu". Karatasi hiyo ilisomwa mara moja tu, kando ya kaburi, mbele ya watu waliosimama juani. Kisha ikakunjwa, ikatiwa sandukuni. Sisi tumepata kusoma nyingi za namna hiyo, nyingine zikiwa za wazee waliozaliwa kabla Wadachi hawajapanda milima hii. Twataka kuwaeleza walimu wenzetu mambo tuliyoyaona ndani yake, na zaidi mambo tusiyoyaona. Maana waliozifupisha habari hizo walikuwa walimu, na sisi tu miongoni mwao.

Neno tanzia asili yake ni Kiarabu, nalo kwanza lilikuwa maneno ya kumliwaza mfiwa. Kwetu limekuwa tangazo la kifo, na pamoja na tangazo hilo habari fupi za maisha ya aliyekufa. Mtu aweza kufikiri kwamba jambo hili lililetwa na wageni pamoja na kalamu. Sivyo. Wapare walikuwa na tanzia kabla ya kalamu, ila haikuwa karatasi.

Desturi ya kale ilikuwa hivi. Mzee aliyeacha watoto alipokufa alizikwa, na muda ukapita hata ikabaki mifupa mitupu. Hapo jamaa zake walifukua kaburi, wakalitoa fuvu la kichwa, wakalipeleka mahali pa ukoo, wakaliweka katika chungu au chini ya mwamba pamoja na mafuvu ya wale waliomtangulia. Katika Upare ya kaskazini mahali hapo huitwa mpungi, nao ni kichaka kisichokatwa mti. Msomaji asiuchanganye mpungi na mshitu, ambao ni msitu wa kuwafundishia vijana wa kiume. Kazi za vichaka hivi viwili zilikuwa mbalimbali. Ndugu zetu wa Taita, ng'ambo ya tambarare, walikuwa na desturi kama hiyo, na katika mapango ya kwao mafuvu yangali yakionekana hata leo.

Wamisionari wawili wa zamani waliandika sana juu ya mila hizi. Mmoja ni Dannholz wa misheni ya Leipzig, aliyekaa Mbaga. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1916. Wa pili ni Kotz wa Waadventista Wasabato, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1922. Vyote viwili ni vya Kijerumani, na majina yake yakaribiana sana: cha kwanza chataja watu waliofungwa na imani ya mizimu, cha pili chataja watu waliofungwa na hofu. Hatusemi kwamba hofu haikuwapo. Ilikuwapo, na wazee wetu hawakuificha. Lakini mtu akitazama hofu peke yake hataona kwamba mpungi ulikuwa pia daftari. Mzee wa ukoo alipokwenda kutambika, alimwaga pombe akawataja wafu kwa utaratibu, baba na babu na babu wa babu, hata akamfikia yule aliyefika kwanza katika nchi hiyo. Vijana waliosimama nyuma yake walisikia utaratibu huo mwaka baada ya mwaka, hata wakaushika. Kutajwa kwa zamu yako katika orodha ile ndiyo iliyokuwa tanzia yako, nayo ilirudiwa kila lilipotokea jambo zito: ukame, ugonjwa, ndoa, au ugomvi wa mpaka.

Tumesema ugomvi wa mpaka, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Koo nyingi za Upare husimulia kwamba mababu zao walikuja kutoka mahali pengine. Nyingi hutaja Taita. Nyingine, hasa za kusini, hutaja Usambara na Unguu. Basi nchi haikuwa ya mtu kwa sababu amezaliwa humo tu. Ilikuwa ya ukoo kwa sababu fulani wa ukoo huo aliufyeka msitu, akajenga, akafa, na fuvu lake liko pale. Alama za ushuhuda huo zilikuwa nyingi. Isale lilipandwa mipakani na makaburini, na hata leo mzee akiona isale limesimama peke yake katika shamba hauliza ni mmea gani, huuliza ni la nani. Mpungi wenyewe ulikuwa alama. Lakini alama iliyo kubwa kupita zote, kwa milima iliyo na tambarare kavu chini yake, ni maji.

Walimu waliotoka nchi nyingine huenda hawajui ndiva ni nini. Ni bwawa dogo lililojengwa kwa mawe na udongo ubavuni mwa mlima, hupokea maji ya kijito kwa mfereji. Usiku hufungwa likajaa. Asubuhi huzibuliwa, na maji yakateremka kwa nguvu katika mifereji hata mashamba ya mbali, ambako kijito peke yake kingenyewa na mchanga kabla ya kufika. Ndiva ya Manoo huko Bangalala ni moja ya zile zinazojulikana sana. Kazi ya kuichimba ndiva na kuisafisha tope ni ya watu wengi, lakini ukoo ulioianzisha hukumbukwa, na katika mambo ya zamu ya maji wazao wa mwanzilishi walikuwa na heshima yao. Kwa hiyo mtu aliposema katika matanga, "Babu yake huyu ndiye aliyeshika kijito kile," hakuwa akipamba maneno. Alikuwa akieleza kwa nini wajukuu wa marehemu wapata maji siku fulani na si siku nyingine. Waliosikia walikuwa mashahidi, na mtu aliyetaka kukana ilimpasa akane pale pale, mbele ya mfu.

Hata hivyo daftari hili la kale lilikuwa na kasoro zake, wala haitufai kulisifu kupita kiasi kwa kuwa limepotea. Aliyekufa bila mtoto hakuwa na wa kumtaja, naye akatoka katika orodha kana kwamba hakuishi. Vizazi vya katikati vilifupishwa, mababu wawili wenye jina moja wakawa mtu mmoja, kwa maana mjukuu hurithi jina la babu. Tena walikuwapo wale ambao hawakutajwa hata siku moja. Huko Mbaga watu huonyesha mwamba wa Malameni, ambako husimuliwa kwamba watoto waliohesabiwa kuwa vigego, kama wale walioota meno ya juu kwanza, waliachwa wafe. Hao hawakuwa na kaburi, wala fuvu lao halikuingia mpungini, wala jina lao halikumwagiwa pombe. Tukisema habari za tanzia za kale yatupasa kukumbuka kwamba hao ndio wa kwanza kukosa.

Yako pia yale ambayo orodha ya ukoo mmoja husema na ya ukoo mwingine hukana. Washana wa Ugweno ni wafua chuma mashuhuri, nao hukumbukwa kwamba walitawala huko kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Wasuya humtaja Angovi na mwanawe Mranga, ambaye husifiwa kwa kuitengeneza nchi na mafundisho ya vijana. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, aliwazungukia wazee akikusanya nasaba za koo, na katika kitabu chake cha historia ya siasa ya Wapare, kilichotolewa mwaka 1969, alihesabu vizazi akaliweka jambo hilo karne ya 16. Basi jambo ni moja, lakini katika nyumba ya Msuya ni mwanzo wa utaratibu, na katika nyumba ya Mshana ni siku ya kunyang'anywa. Na tazama, majina hayo twayaita mashuleni kila asubuhi tukiita orodha: Mshana, Msuya, Msangi, Mmbaga, Mfinanga, Mbwambo. Mtoto huitika "Nipo, Mwalimu," bila kujua kwamba ameitwa kwa tanzia iliyo fupi kuliko zote.

Kalamu iliingia Upare pamoja na misheni. Watu wa Leipzig walianza Shigatini mwaka 1900, Wasabato wakaanza kusini mwaka 1903, na vituo vingine vikafuata. Kila kituo kilikuwa na kitabu cha waliobatizwa na kitabu cha waliokufa. Wakristo hawakufukua tena makaburi, na mahali pa kutajia majina pakawa kimya. Waislamu nao, ambao ni wengi Usangi na Ugweno, walizika kwa namna yao na kusoma hitima. Hapo kazi ya mzee wa ukoo ikamwangukia mwalimu bila mtu kumwambia kwamba imemwangukia. Yeye alijua kuandika, basi jamaa walipofiwa walimjia usiku na taa, wakamwambia, "Mwalimu, tuandikie habari za baba."

Naye akaandika alivyofundishwa. Tukizisoma karatasi hizo za kwanza twaona karibu zote zina umbo moja. Mstari wa kwanza wasema marehemu alizaliwa katika upagani, mahali fulani, mwaka haujulikani. Mstari wa pili wasema alibatizwa tarehe fulani na mchungaji fulani. Baada ya hapo mambo hujaa: alihudumu kanisani, alitoa mti wa kujengea shule, aliugua, alivumilia, alikufa saa fulani. Hivyo mtu aliyebatizwa akiwa na miaka 40, akafa na miaka 60, maisha yake ya miaka 40 yako katika mstari mmoja, na ya miaka 20 yamejaza kurasa mbili. Hatuwalaumu walioandika. Waliona ubatizo kuwa mwanzo mpya, na maneno yao ni ya kweli kwa kadiri yalivyosema. Lakini mzee yule alipokuwa na miaka 25 huenda ndiye aliyejenga ukingo wa ndiva, na jambo hilo halikubatizwa pamoja naye.

Msomaji mwenye subira hupata mengi hata katika karatasi hizo kavu. Miaka isiyojulikana yaweza kujulikana. Aliyesemwa kuwa alizaliwa wakati wa njaa kubwa iliyoifunga karne ya 19, na aliyesemwa kuwa alikuwa kijana mwenye nguvu reli ilipopita, wamekwisha kutuambia umri wao. Kwa maana reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905 ikafika Moshi yapata mwaka 1911, nayo ilipita chini ya milima yetu katika miaka ya katikati. Aliyekwenda "Tanga kwa kazi" mara nyingi alikwenda katika mkonge, mmea ulioletwa na Dakta Hindorf mwaka 1893, ambao umewala vijana wa Upare kuliko ugonjwa mwingi. Waliokufa mwisho wa mwaka 1918 au mwanzo wa 1919 kwa "homa ya kifua" walichukuliwa na ile mafua kuu iliyozunguka dunia nzima. Katika kitabu cha waliokufa mwandiko wa miezi hiyo hubadilika, ukawa wa haraka, majina yakafuatana kwa karibu, na mahali pengine hakuna hata jina la baba.

Vita vya kwanza vya dunia vilileta kundi jingine la watu wasio na tanzia. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka kuifuata reli na mto Pangani, na Wadachi wakarudi nyuma. Pande zote mbili zilihitaji wapagazi. Wanaume walichukuliwa vijijini, wakabeba unga na risasi hata kusini mwa nchi, wakafa kwa kuhara na njaa kuliko kwa bunduki. Jamaa walibaki wakingoja. Haikuwako maiti, haikuwako tarehe, na mke hakujua kama ni mjane. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 iliwekwa kwa ajili ya askari Waafrika na wapagazi pia, nayo ina maandishi kwa lugha tatu. Lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Katika karatasi za Upare tumewakuta watu hao mahali pasipotazamiwa, yaani ndani ya tanzia za watoto wao: "Baba yake alipotea vitani." Maneno manne tu, nayo ndiyo kaburi lake.

Baada ya vita wamisionari Wadachi walifukuzwa mwaka 1920. Kanisa lilishikwa na walimu wenyeji, na kuanzia mwaka 1922 Walutheri wa sinodi ya Augustana ya Marekani walikuja kusaidia katika kazi ile ya kaskazini mwa Tanganyika, hata watu wa Leipzig waliporudi. Twawataja kwa sababu maalum. Sinodi hiyo iliundwa mwaka 1860 na wahamiaji wa Kiswidi waliokaa Illinois, Minnesota na nchi za kando yake, nao ni watu wenye desturi kubwa ya tanzia. Katika wilaya zao za mashamba kila mji mdogo ulikuwa na gazeti lake la juma, na mzee wa kwanza kufika alipokufa gazeti lilichapa habari zake tangu mwanzo: kijiji alichozaliwa huko Uswidi, mwaka aliovuka bahari, kibanda chake cha kwanza cha magogo au cha mabonge ya udongo wenye majani, watoto aliozika katika baridi ya kwanza, eka alizopata. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimpa mtu eka 160 kama akikaa juu yake na kuilima miaka 5. Basi mwaka wa kufika haukuwa pambo kwao pia. Ulikuwa haki ya shamba, sawasawa na fuvu lililo mpungini.

Tukilinganisha, twaona kwamba Mswidi wa Minnesota aliandikiwa safari yake yote, na Mpare aliyetoka Taita, au ambaye babu yake alitoka Taita, alifutiwa yake. Lakini twaona pia jambo ambalo tanzia za huko na masimulizi ya huku zafanana nalo kabisa. Zote hupenda kusema kwamba marehemu alifika kwanza, akakuta nchi tupu. Minnesota haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wadakota, ambao walipigana vita na serikali mwaka 1862 na mwaka uliofuata wakafukuzwa. Na Upare nayo je? Ukiwauliza wazee wa kusini kwa upole, watakuambia kwamba palikuwa na Wambugu, wachungaji wa ng'ombe, na kwamba wengi wao walihamia Usambara. Hao wangaliko huko, nao wana usemi wenye maneno mengi ya asili ya Kikushi ambayo hayafanani na ya majirani zao. Katika tanzia tulizozisoma, mfyekaji wa msitu yumo. Mmbugu aliyekuwa akilisha ng'ombe kando ya msitu huo hayumo. Mwalimu anayeandika "alikuwa wa kwanza" angeuliza kwanza, wa kwanza baada ya nani.

Sasa twasema habari za wanawake, na hapa twaona haya. Katika karatasi za wanaume, hata zile fupi, mna jina la ukoo, jina la baba na kazi. Katika karatasi za wanawake mara nyingi mna jina la ubatizo, jina la mume, hesabu ya watoto, na sifa kwamba alikuwa mpole na mkarimu kwa wageni. Ukoo aliozaliwa haumo. Kijiji alichotoka hakimo. Na katika Upare mama ndiye anayeunganisha mlima na mlima. Kwa njia yake mjomba wa Gonja hujulikana Suji, na mbegu ya maharage ya Ugweno hupandwa Mbaga. Ukikata jina la ukoo wa mama umekata nusu ya nasaba, na ndiyo nusu isiyokuwa mpungini.

Twatoa mfano mmoja ambao wasomaji wetu wataujua. Katika miaka ya 1940 serikali iliweka kodi ya kukadiria mapato ya kila mtu, ambayo watu waliiita mbiru. Mwaka 1945 wanaume wa Upare waliteremka kwa maelfu hata Same, makao ya wilaya, wakakaa huko siku nyingi wakiikataa. Nyumbani mashamba yalibaki kwa wanawake. Mwaka 1946 wanawake wapatao mamia walijikusanya Usangi mbele ya wakubwa wa serikali, wakawaambia kwamba waume zao wako Same kwa ajili ya kodi hiyo, basi ama jambo likatwe, ama wakubwa hao wenyewe wachukue mahali pa waume. Mwishowe kodi hiyo iliondolewa. Wanawake waliosimama siku ile walikufa baadaye mmoja mmoja, wakiwa wazee, nao walizikwa kwa heshima na habari zao zikasomwa. Sisi tumetafuta katika karatasi zote tulizoonyeshwa. Tumewapata wapole wengi na wakarimu wengi. Wa Usangi, wa siku ile, hatujampata katika karatasi hata moja, ingawa wajukuu watatu wametuambia kwa midomo yao kwamba bibi alikuwako.

Twaungama sasa kosa letu wenyewe. Yapata miaka 30 iliyopita, tulipokuwa walimu vijana katika shule moja ya mlimani, alifariki mzee mmoja wa kijiji hicho, nasi tukaombwa kuandika habari zake. Usiku tulikaa na jamaa jikoni. Dada yake marehemu, bikizee aliyekuwa haoni vema, alianza kusema. Alianza mbali. Alitaja mtu aliyetoka Taita na mbuzi wawili, akataja mahali alipolala usiku wa kwanza, akataja mwanawe aliyeshika kijito, akataja mke wa huyo mwana na ukoo wake, na jinsi mahari yake ilivyolipwa kwa jembe za Washana. Sisi tulikuwa na karatasi moja. Tuliambiwa na wenye mamlaka ya ibada kwamba habari zisizidi dakika tano, kwa kuwa jua lilikuwa kali na watu wengi watoka mbali. Tulimsikiliza kwa adabu, huku kalamu imelala. Alipogundua kwamba haisikiki ikikwaruza karatasi alinyamaza, kisha akasema, "Mwanangu mwalimu, mbona huandiki?" Tukamjibu, "Nitaandika, bibi, endelea tu." Hatukuandika. Kesho yake tulisoma kaburini: alizaliwa, alibatizwa, alioa, aliacha watoto 7 na wajukuu 31. Watu walisema tumesoma vizuri.

Miaka ikapita. Wajukuu wa yule mzee wakaingia katika mashauri na jirani zao juu ya zamu ya maji ya ndiva, maana watu wameongezeka na kijito kimepungua. Baraza liliwauliza ni nani aliyeianzisha, na ukoo wao uliingiaje katika maji hayo. Walileta walichokuwa nacho, yaani karatasi yetu. Mwenyekiti aliisoma kwa sauti tangu juu hata chini, akaigeuza nyuma kuona kama pana maneno mengine, akawarudishia. Mmoja wa wajukuu hao, aliyekuwa amepita katika darasa letu, alikuja nyumbani jioni ile. Hakutulaumu. Alisema tu, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuuliza kama lipo daftari jingine."

Daftari jingine halikuwako, na yule bikizee alikwisha kufa zamani. Tanzia yake tumeiona, ina mistari 9. Lakini tangu siku hiyo tumekuwa tukienda kwa wazee si usiku wa msiba, ambao akili za watu zimevurugika na jirani wamekuja kusikiliza, bali siku za kawaida, wakati wa kupukuchua mahindi. Tumejifunza kuuliza maji kabla ya kuuliza mwaka, maana mzee asiyejua alizaliwa lini ajua sana alichota wapi. Kwa mwanamke twauliza kwanza mama yake alikuwa wa ukoo gani, kisha twanyamaza. Tumeona pia kwamba masimulizi ya nyumba moja hayatoshi, na kwamba ni vema kumwendea na yule ambaye ukoo wake ulishindwa, kama Mshana kwa Msuya, hata akiwa hana karatasi.

Kwa ajili ya wajukuu wale tulipanda hata kitongoji cha juu, kwa binti ya yule bikizee, ambaye sasa naye ni mzee. Alikumbuka kidogo. Mtu wa Taita alimkumbuka kwa mbuzi wake wawili, lakini jina lake lilikuwa limemtoka. La mwanawe aliyeshika kijito alilitaja bila kusita, na la mke wake, na ukoo wa mke, ambao alituambia wangaliko upande wa pili wa bonde nao huenda wakajua zaidi. Majina hayo tumeyaandika nyuma ya karatasi ile ile, pale mwenyekiti alipotazama asione kitu, tukatia tarehe ya siku tuliyoyasikia na jina la aliyetuambia. Wiki ijayo, mvua ikiruhusu, twavuka bonde.